Pikipiki ya safari iliyokula kilomita nyingi: kuitengeneza au kununua nyingine

Mwongozo huu unamhusu mtu mwenye pikipiki kubwa ya safari ambayo mita yake imekwisha kuvuka kilomita 100,000, ambaye fundi amemwandikia orodha ya matengenezo yenye jumla ya kushtua, na ambaye sasa anajiuliza kama alipe au aachane nayo. Mifano mingi nitaitoa kwenye BMW R1200GS ya kizazi kilichoanza mwaka 2004, kile ambacho injini yake hupozwa kwa hewa na oili, kabla ya kizazi cha kupozwa kwa maji kushika nafasi mwaka 2013. Nimeichagua kwa sababu magonjwa yake yanajulikana vizuri, na kwa sababu mtu huinunua akiwa na nia ya kwenda nayo mbali, Nairobi hadi Moyale au Dar es Salaam hadi Tunduma, tena akiwa na mzigo. Mwenye Honda Africa Twin, Suzuki V-Strom au Yamaha Ténéré 700 anaweza kufuata hoja hizi hizi, isipokuwa pale ninapozungumzia shafti (mhimili unaopeleka nguvu ya injini nyuma) na difu (sanduku la gia la gurudumu la nyuma), kwa kuwa pikipiki hizo huendeshwa kwa cheni.

Kanuni inayorudiwa sana ni kwamba gharama ya matengenezo ikizidi nusu ya thamani ya pikipiki sokoni, iuzwe. Siikubali, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba inapima kwa mizani isiyofaa. Thamani ya sokoni ni fedha ambayo mtu mwingine angekupa leo, ilhali unachohitaji kujua ni fedha ambayo wewe ungetoa ili upate pikipiki nyingine iliyo katika hali ambayo hii yako itakuwa nayo ikishatengenezwa. Viwango hivyo viwili hutofautiana sana kwa pikipiki ya zamani, maana mnunuzi hutazama namba iliyo kwenye mita na kukata bei, hata kama kila kitu kilicho chini ya mita hiyo kimebadilishwa na risiti zipo.

Sababu ya pili ni kwamba kanuni hiyo inafaa zaidi mahali ambapo saa moja ya fundi ni ghali. Chukua klachi ya R1200GS. Ni klachi kavu iliyokaa kati ya injini na giaboksi, kwa hiyo kuifikia ni lazima pikipiki igawanywe katikati: fremu ya nyuma ifunguliwe, mkono wa gurudumu la nyuma ushushwe, giaboksi itolewe, ndipo pleti yenyewe ionekane. Ulaya, sehemu kubwa ya bili ya kazi hiyo ni saa za fundi. Kwetu saa hizo ni nafuu kwa mbali, lakini spea inayotoka Ujerumani au Uingereza hufika ikiwa imebeba nauli, ushuru wa forodha unaokokotolewa juu ya bei pamoja na bima na usafirishaji, kisha kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 16 nchini Kenya na asilimia 18 Tanzania na Uganda. Matokeo yake ni kwamba kazi nzito kwa mikono lakini nyepesi kwa spea inalipa kufanyiwa hapa, na kazi ambayo ni kuchomoa soketi mbili na kuweka moduli mpya, yaani kisanduku cha elektroniki, yaweza kuwa ndiyo inayomaliza mfuko. Anayesoma ushauri ulioandikiwa mwendeshaji wa Munich au Manchester akaufuata neno kwa neno ataishia kuuza pikipiki iliyostahili kutengenezwa, au kinyume chake.

Ukaguzi kabla ya hesabu

Orodha ya fundi mmoja haitoshi kufanyia uamuzi, hata fundi awe mwaminifu, kwa sababu yeye ameandika alichokiona wakati alipokuwa akitafuta chanzo cha tatizo moja. Mlipe fundi wa pili kwa ukaguzi peke yake, umweleze waziwazi kwamba kazi ya kutengeneza hatapewa yeye, kisha ulinganishe orodha mbili. Kama gereji ina kifaa cha kusoma kompyuta ya pikipiki, mfano GS-911 kinachotengenezwa Afrika Kusini, omba hitilafu zote zilizohifadhiwa zisomwe na ziandikwe kabla hazijafutwa. Mambo yafuatayo yafanyike wewe ukiwa umesimama hapo.

Injini ndiyo watu huiogopa zaidi, na kwa pikipiki hizi mara nyingi ndiyo yenye afya kuliko sehemu nyingine. Anza kwa kurekebisha nafasi za valvu, kwani valvu iliyobana hudanganya kila kipimo kitakachofuata. Kwenye injini za kabla ya mwaka 2010 kazi hiyo hufanywa kwa skrubu na nati, na silinda zimechomoza nje kushoto na kulia, hivyo hakuna tanki la kushusha. Baada ya hapo ipimwe uvujaji wa silinda: pistoni iwekwe juu kabisa wakati valvu zote zimefungwa, hewa yenye shinikizo iingizwe kupitia tundu la plagi, na geji ioneshe ni asilimia ngapi inapotea. Ikiwa chini ya asilimia 10 furahi. Ikizidi 20, weka sikio. Hewa inayosikika kwenye ekzosi inatoka kwenye valvu ya moshi, inayosikika kwenye njia ya kuingizia hewa inatoka kwenye valvu ya upande huo, na ile inayopumua kwenye mdomo wa kumiminia oili inapita kwenye ringi za pistoni. Linganisha silinda mbili zenyewe kwa zenyewe, kwa sababu injini iliyochoka kwa usawa hukutahadharisha mapema, lakini ile ambayo upande mmoja una 8 na mwingine 30 ina ugonjwa mahususi unaoweza kutibiwa. Na hata ringi zikiwa zimekwisha, kwenye injini ya aina hii silinda huvuliwa bila kuishusha injini kutoka kwenye chesisi. Usikubali kuambiwa kwamba habari ya ringi ni habari ya msiba.

Ulaji wa oili upimwe kwa safari, si kwa makisio. Jaza mpaka alama ya dirisha dogo la oili, pikipiki ikiwa imesimama wima na injini imepata joto kisha imetulia, endesha kilomita 1,000, halafu upime ni kiasi gani kimehitajika kurudisha usawa uleule. Moshi wa bluu unaotoka kwa muda mfupi asubuhi, pikipiki ikiwa imelala kwenye stendi ya pembeni usiku kucha, ni tabia ya injini zenye silinda zilizolala, kwani oili huteremkia silinda ya kushoto. Moshi unaoendelea unapopanda mlima na injini imekwisha pata moto ni jambo jingine kabisa. Vilevile kelele ya cheni ya taimingi upande wa kushoto kwa sekunde chache wakati wa kuwasha hutibiwa kwa kubadilisha kikaza cheni, nayo ni kazi ndogo ambayo haipaswi kuingia kwenye uzani wa kuuza au kutouza.

Sasa nenda nyuma, kwenye sanduku la gia la gurudumu ambalo mafundi wengi hulifahamu kwa jina la difu. Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Pandisha pikipiki kwenye stendi ya kati, chuchumaa upande wa gurudumu, shika tairi kwa mkono mmoja juu na mwingine chini, kisha vuta wa juu huku ukisukuma wa chini, na ubadilishe. Mchezo wowote unaouhisi kama kubisha kwa ndani ni beringi kubwa ya difu au ni viungo vya mkono wa gurudumu. Mwenzako akiweka kidole kwenye maungio wakati wewe unatikisa atakuambia ni ipi kati ya hizo mbili. Tazama duara la sili kubwa lililo kati ya difu na gurudumu: vumbi lililogandamana na oili nyeusi hapo ni dalili ya mapema, na mtu anayesafisha pikipiki yake kwa mashine ya maji kila wiki huifuta dalili hiyo bila kujua. Kisha mwaga oili ya difu, ambayo haifiki hata robo lita, kwenye chombo cheupe. Kwenye bolti ya kumwagia kuna sumaku; unga laini wa kijivu, mithili ya uji mzito, ni uchakavu wa kawaida, lakini ukikuta vipande vinavyong'aa unavyoweza kuvishika kwa kucha, beringi au meno yameanza kubomoka. Pikipiki za mwanzo za kizazi hiki zilinadiwa kwamba oili ya difu ni ya maisha yote, ushauri ambao baadaye uliachwa, na pikipiki ambayo mwenyewe wa kwanza aliuamini huenda ilitembea miaka bila oili hiyo kuguswa. Difu ikigunduliwa mapema inahitaji beringi na sili, vitu vya bei ya kuvumilika. Ikiachwa ikafa njiani, inataka difu nzima, na wewe umekwama mahali ambapo hakuna gari la kuibeba.

Umeme ndio unaoamua kesi nyingi, nami naupa uzito kuliko injini. Juu ya tanki, kwenye kifuniko cha pampu ya mafuta, kuna kifaa kidogo kinachoiongoza pampu hiyo, nacho kimekaa ndani ya kishimo kinachokusanya maji na tope. Maji yakidumu humo kinaoza, pampu inanyamaza, injini inazungushwa bila kuwaka, na mtu anaanza kushuku plagi, betri na petroli. Dawa yake ni ya bei nafuu, na waendeshaji wengi hubeba waya wa kuipelekea pampu umeme moja kwa moja ili wafike mjini. Dashibodi ikionesha herufi EWS, yaani mfumo wa kuzuia wizi, na pikipiki ikakataa kuwaka, tatizo mara nyingi ni antena inayosoma ufunguo, ugonjwa uliojulikana kwa R1200GS za miaka ya mwanzo. Haya mawili yanatisha usiku barabarani, lakini hayana uzito katika hesabu.

Yenye uzito ni mawili mengine. La kwanza ni moduli ya breki ya ABS (breki zisizoacha gurudumu kujifunga) yenye servo, yaani mota inayoongeza nguvu ya breki, iliyokuwa kwenye pikipiki za mpaka mwaka 2006. Utaitambua kwa mlio wa mota mara unapobonyeza breki. Ikifa, breki zinabaki lakini zinataka nguvu nyingi mno, na moduli mpya inaweza kumeza sehemu kubwa ya thamani ya pikipiki nzima. Yapo makarakana ya Ulaya yanayozikarabati moduli hizo, na wapo wanaoiondoa kabisa na kupitisha mipira ya breki moja kwa moja. Njia hii ya pili naiona inakubalika ikifanywa na mtu anayejua breki, kwa mipira mipya, na baada ya kampuni ya bima kuulizwa kwa maandishi. La pili ni wayaringi yenyewe. Pikipiki iliyoishi Mombasa, Tanga au Zanzibar kwa miaka mingi hupata kutu ya kijani ndani ya soketi, na hitilafu zake huja na kuondoka bila mpangilio: leo taa, kesho sensa ya stendi, keshokutwa geji ya mafuta. Fungua soketi tatu au nne zilizo chini ya kiti na nyuma ya taa kubwa. Ukikuta kijani kwenye zote, jua kwamba unachokiona ni sehemu ndogo tu, na hakuna fundi atakayeweza kukuambia mwisho wa gharama uko wapi.

Chesisi ichunguzwe kwa tochi: shingo ya usukani, mahali fremu ya nyuma inapofungwa kwa bolti, na sehemu zinazobeba sanduku la nyuma. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba huficha chuma kilichopasuka. Fremu ya nyuma hufunguliwa na hubadilishwa au kuchomelewa na mtu mwenye ujuzi, lakini chesisi kuu iliyopinda kwa ajali naiona kuwa sababu ya kutosha ya kuacha, bila hata kuendelea na hesabu. Shokapu zilizokwisha, rimu iliyobonyea, beringi za usukani zinazokwama katikati: andika, pata bei, endelea.

Kugawanya orodha

Ukishapata orodha mbili na ukaguzi wako, chukua kalamu ugawanye kila kitu katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vitu ambavyo pikipiki yoyote ingekudai: tairi, pedi na diski za breki, betri, oili zote, filta, majimaji ya breki. Hivi usivihesabu kama gharama ya uzee wa pikipiki yako, kwa sababu utakayoinunua badala yake itakudai hivyo hivyo, na pengine mapema zaidi, maana watu wachache sana huweka tairi mpya kwenye pikipiki wanayoitangaza kuuza. Fungu la pili ni ugonjwa wa pikipiki hii yenyewe: difu, klachi, shokapu, moduli, ringi. Mara nyingi jumla iliyokushtua hupungua sana baada ya mgawanyo huo, kwani fundi aliandika yote kwa mfululizo mmoja.

Ndani ya fungu la pili, weka alama kwenye kazi zinazoshirikiana ufunguzi. Pikipiki ikigawanywa kwa ajili ya klachi, sili ya nyuma ya injini na sili ya mbele ya giaboksi zibadilishwe papo hapo, na meno ya shafti ya giaboksi yakaguliwe na kupakwa grisi, kwa sababu sili mbovu ndiyo huilowesha pleti mpya kwa oili na kukurudisha mwanzo. Gharama ya kuongeza sili hizo ni ndogo wakati pikipiki imefunguliwa, na ni kazi nzima mpya ukizikumbuka baadaye.

Hesabu yenyewe

Tuseme, kwa mfano wa kufundishia tu, kwamba fungu la pili la pikipiki yako lina jumla ya shilingi za Kenya 260,000, na kwamba ukiiuza leo ilivyo, na kasoro zake ukiwa umezitaja, utapata 450,000. Pikipiki ya aina ileile yenye kilomita 60,000 inauzwa 950,000. Ongeza 120,000 za marekebisho ya mwanzo, na 20,000 za kuhamisha umiliki na ukaguzi. Kubadilisha kutakugharimu 950,000 na 120,000 na 20,000, ukiondoa 450,000 ulizopata, yaani 640,000. Hiyo ndiyo namba ya kuweka mkabala na 260,000. Thamani ya pikipiki yako sokoni imeingia kwenye hesabu kama fedha utakayopata ukiuza, na hapo ndipo mahali pake.

Usiishie hapo, kwa sababu mlinganisho huo una upendeleo kwa upande wa kutengeneza. Pikipiki uliyoitengeneza na ile utakayonunua hazikupi umbali sawa. Ukikadiria kwamba matengenezo yatakupa kilomita 40,000 kabla ya gharama kubwa nyingine, umelipa shilingi 6.50 kwa kilomita. Ukikadiria kwamba ile nyingine itakupa 100,000, umelipa 6.40. Zimekaribia kulingana, na sasa swali limehama kutoka kwenye bei na kuingia kwenye maisha yako: unaendesha kiasi gani kwa mwaka? Anayesafiri likizo na wikiendi, kilomita 8,000 kwa mwaka, atatumia miaka mitano kuzimaliza zile 40,000, na zaidi ya miaka 12 kuzimaliza zile 100,000. Yeye hana sababu ya kutoa leo fedha za kilomita ambazo huenda hatazipanda kamwe. Anayeongoza watalii na kufikisha kilomita 30,000 kwa mwaka atarudi gereji mwaka unaofuata, na kila siku pikipiki inapolala kwenye stendi anapoteza kipato. Huyo anunue nyingine, hata kama pikipiki yake bado anaipenda.

Pande zote mbili ziongezewe akiba ya yasiyotazamiwa. Kwa pikipiki yako theluthi moja ya gharama ya matengenezo inatosha, kwa kuwa historia yake unaijua. Kwa pikipiki ya mtu mwingine mimi huweka zaidi, kwani mita ya kilomita 60,000 bila vitabu vya huduma ni maneno tu. Hili ni jambo ambalo hesabu za watu wengi huliruka: ujuzi wako wa pikipiki yako una thamani ya fedha. Unajua difu ilimwagwa oili lini, unajua ile siku iliyoanguka Marsabit ilipata nini na haikupata nini. Ukiuza, mnunuzi hakulipi kwa ujuzi huo, na ukinunua, muuzaji hakupi wa kwake.

Muda wa kungoja spea

Kwa kila kipande cha fungu la pili uliza maswali mawili kabla ya kuuliza bei: bado kinatengenezwa, na kitachukua muda gani kufika. Beringi na sili nyingi zina vipimo vya kawaida na hupatikana kwa wauza beringi wa mjini, ukienda na cha zamani mkononi. Shokapu zipo za viwanda visivyokuwa vya BMW, tena zinazoweza kufunguliwa na kukarabatiwa, jambo ambalo ni faida kubwa kwa anayepita barabara za vumbi zenye mawimbi. Ugumu uko kwenye vitu vya elektroniki vilivyofungamana na namba ya chesisi, ambavyo cha kutoka kwenye pikipiki nyingine huenda kisikubali bila kompyuta ya wakala. Kipande cha namna hiyo kikiwa kimekufa na hakipatikani kipya wala cha kukarabatiwa, uamuzi umekwisha kufanywa. Lakini kikiwa kizima leo, usiuze kwa hofu kwamba siku moja kitakufa. Kwa mantiki hiyo hakuna pikipiki ya kununua.

Mahali unapoendesha nako kuna uzito. Pikipiki ambayo klachi yake imebakisha kidogo inafaa kabisa kwa mtu asiyetoka nje ya barabara ya Nairobi na Nakuru, ambako lori la kuibeba hupatikana jioni ileile. Mtu anayekwenda Loiyangalani au Katavi anahitaji kazi hiyo iwe imefanyika kabla, na kama hataki kuigharimia, basi pikipiki hiyo haimfai kwa safari zake, hata kama ni nzima kwa safari za mwingine.

Kuna pia swali ambalo wanaume wa rika langu hawapendi kuulizwa. R1200GS ikiwa na mafuta inapita kilo 220, na masanduku yakijaa inakaribia uzito ambao mtu mmoja haiinui kutoka kwenye mchanga. Kama magoti yamebadilika tangu uinunue, fedha za kuitengeneza zitakurudishia pikipiki ileile yenye uzito uleule, na pengine pikipiki ya kilo 180 au 190 ingekufaa zaidi hata kama hii ya sasa ingekuwa mpya. Lichukue hili kama sababu halali, ulitaje kwa jina lake, na usilifiche nyuma ya orodha ya fundi.

Ukiamua kununua nyingine

Usimwage fedha kwenye pikipiki unayoiuza ili ionekane nzuri. Fanya yale ya kuifanya iwake, itembee na isimame kwa usalama, weka orodha ya kasoro na bei za spea mezani, na umwachie mnunuzi hesabu. Kuivunja na kuuza vipande huweza kuleta fedha zaidi, hasa injini nzima, giaboksi, rimu na masanduku ya alumini, lakini inataka nafasi, miezi na uvumilivu wa simu, na taratibu za kuifuta kwenye usajili zikamilishwe na NTSA nchini Kenya au TRA nchini Tanzania ili madeni na makosa ya barabarani yasikufuate. Anayefikiria kuagiza kutoka nje aulize kwanza kwa maandishi kanuni za umri wa pikipiki iliyotumika na jumla ya kodi, kabla hajatuma hata senti moja kwa muuzaji. Pikipiki utakayonunua ipite ukaguzi uleule nilioueleza, kuanzia kwenye sumaku ya difu, na muuzaji asiyekubali bolti hiyo ifunguliwe mbele yako amekwisha kukujibu.

Ukiamua kuitengeneza

Kusanya spea zote kwanza, pikipiki ikiwa bado imefungwa na inatembea. Gereji nyingi huanza kufungua siku ya kwanza, kisha kipande kimoja kinasubiriwa, bolti zinahamia kwenye makopo ya watu wengine, na baada ya miezi miwili hakuna anayekumbuka nati ipi ilitoka wapi. Agizo moja kubwa pia hupunguza nauli kuliko vifurushi vitano vya kila wiki. Patana na fundi kwa kazi nzima iliyoandikwa, si kwa siku, na muafikiane kwamba kila kipande cha zamani utarudishiwa. Piga picha kila soketi kabla haijachomolewa.

Anza na difu na breki, fuata klachi, malizia na shokapu. Mapambo, taa za ziada na kiti kipya vingoje. Pikipiki ikiwa bado juu ya stendi, peleka namba ya chesisi kwa wakala wa BMW uulize kama kuna marekebisho ya kiwandani ambayo haijafanyiwa. Mwaka 2015 kampuni hiyo iliziita pikipiki nyingi za kizazi hiki kwa sababu flanji ya alumini ya gurudumu la nyuma, kipande ambacho gurudumu hufungwa kwacho, iliweza kupasuka iwapo bolti zilikazwa kupita kiasi, na ikabadilishwa kwa ya chuma. Pikipiki iliyoingia nchini ikiwa imetumika huenda haikuwahi kuitikia wito huo. Bolti za gurudumu hilo zikazwe kwa spana ya kipimo, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki.

Kazi ikikamilika, usielekee Turkana wiki hiyo hiyo. Panga mzunguko wa siku moja wa kilomita 300 au 400 unaokurudisha nyumbani kabla ya giza, wenye lami na kipande cha vumbi, ukiwa na mzigo uleule utakaobeba safarini. Asubuhi inayofuata, injini ikiwa baridi, tandaza kadibodi chini yake, kaza upya bolti zilizoguswa, tikisa gurudumu la nyuma kwa mikono miwili kama ulivyofanya siku ya ukaguzi, na baada ya kilomita 1,000 mwaga oili ya difu tena uitazame sumaku.